Rafiki akuulize kama umeweka, asikuchagulie uweke wapi

Kila grupu la washkaji lina siku yake ya kuongelea hela. Mtu anatupia swali, "wakuu nina kiasi kimekaa tu kwenye akaunti, naomba ushauri niweke wapi kizae", na kabla hajafunga simu majibu yanamiminika, mmoja anasema nunua kiwanja, mwingine anasema kiwanja kinalaza hela weka kwenye hisa, wa tatu anawacheka wote wawili anataka watu wahamie kwenye bitcoin, wa nne anatuma voisi noti ndefu ambayo hakuna anayeisikiliza mpaka mwisho, na kuna yule mmoja wa siku zote anayeandika "njoo inboksi".

Sasa angalia ambacho hakipo kwenye majibu yote hayo. Hakuna aliyemuuliza hiyo hela ataihitaji lini. Hakuna aliyemuuliza kama anadaiwa mahali. Hakuna aliyetaka kujua kama kazi ikisimama kesho ana kitu kingine pembeni au ndo hiyo hiyo. Wote wamerukia "wapi", kwa sababu wapi ndo tamu kuongelea, ina ubishi ndani yake, na anayejibu anaonekana anajua mambo ya mjini.

Msimamo wangu ni huu, na najua una wapinzani: soga za marafiki zinafaa sana kumfanya mtu aweke akiba, na hazifai kabisa kumchagulia mtu pa kuiweka. Sisi tumezigeuza. Kuchaguliana tunachaguliana kila wiki, ila kumuuliza mwenzako "mwezi huu umeweka?" tunaona ni umbea.

Kwanza kwa nini hazifai kuchagulia. Anayeongea ni aliyepata, basi. Sio kwamba ni muongo, amepata kweli, ila aliyekosa kanyamaza na ukimya wake hauonekani kwenye skrini. Wachumi Bing Han, David Hirshleifer na Johan Walden wameliwekea hili hesabu kabisa, kwamba watu wanasimulia faida zao kuliko hasara zao, na msikilizaji hakumbuki kukata kile ambacho hakikusimuliwa, kwa hiyo mbinu zenye kuyumba sana, zile za leo juu kesho chini, ndo zinasambaa haraka kuliko zile za kutulia. Tuseme watu 40 wamejaribu kitu kimoja, 30 wameumia na 10 wamepata. Kwenye chati utawasikia wale kumi wote na labda wawili katika wale thelathini, na hao wawili wataambiwa hawakuwa na subira. Wewe uliyekaa pembeni unasoma unahesabu kumi kwa wawili unaona mbona hii kitu inalipa.

Novemba 2021 bitcoin ilifika karibu dola 69,000 na skrinshoti zilikuwa hazikauki. Mwaka mmoja baadaye, Novemba 2022, ilikuwa imeshuka hadi karibu dola 16,000, na watu walewale ghafla wakawa wanaongelea mpira. Najua mtu ataniambia mbona ilipanda tena na ikapita hapo, sawa, ilipanda, ila aliyeingiza ada ya mtoto na ikabidi auze ikiwa kule chini hapandi nayo tena. Ndo maana swali la "utaihitaji lini" lilitakiwa kuja kabla ya swali la wapi, na hilo jibu analo mwenye hela peke yake, hamna mshauri wa grupu anayeweza kulijua kama hajauliza.

Alafu kuna jambo la ajabu kidogo, kwamba hata bila mtu kukudanganya, kuwa tu na watu wanaokutazama kunabadilisha unavyoshika hela. Rawley Heimer alichapisha 2016 utafiti wa watu wanaonunua na kuuza fedha za kigeni ambao walijiunga na mtandao wa kijamii wa wafanyabiashara wenzao. Kuna ugonjwa wa zamani kwenye biashara hiyo, mtu anauza haraka kilichopanda ili ashike faida na anakumbatia kilichoshuka akisubiri kirudi, na baada ya kujiunga na wenzao ugonjwa huo karibu uliongezeka mara mbili. Ukiuza kwa faida una cha kuwaonyesha wenzako, ukiuza kwa hasara umekiri mbele yao kwamba ulikosea, sa mtu anaona bora abaki na hasara yake kimyakimya ikiendelea kukua. Na kuna utafiti mwingine wa 2018 wa Michael Bailey na wenzake uliotumia data za Facebook kule Marekani, wakakuta watu ambao marafiki zao wa mbali, wa maeneo mengine kabisa, wameona bei za nyumba zikipanda huko waliko, nao walikuwa wepesi zaidi kuacha kupanga na kununua, tena wananunua kubwa na kwa bei ya juu zaidi. Bei za kwa rafiki yako huko mbali hazikuambii lolote kuhusu nyumba ya mtaani kwako, lakini zinakusukuma tu.

Kinachofuata kwa umaarufu baada ya skrinshoti ni zile kanuni za kufowadi. Asilimia 50 matumizi ya lazima, 30 ya raha, 20 akiba. Mfuko wa dharura wa matumizi ya miezi mitatu hadi sita. Sina ugomvi nazo kama pa kuanzia, shida ni vile zinafika zimevuliwa masharti yake. Hiyo ya 50 na 30 na 20 ukimpa mtu ambaye kodi na nauli na chakula vinakula asilimia 80 ya kipato chake, hujampa ushauri, umempa aibu, na mtu akishaona kanuni haimhusu anaacha na ile akiba ndogo aliyokuwa anaiweza. Mfuko wa dharura nao, miezi mitatu inamtosha mwenye mshahara na bima, ila anayeishi kwa vibarua ambavyo vinakuja na kukata anahitaji zaidi, na kwa bahati mbaya ndo huyohuyo inamchukua muda mrefu zaidi kuufikisha.

Iliyonichosha kabisa ni ile ya asilimia nne, eti ukistaafu ukawa unatoa asilimia 4 kwa mwaka hela yako haiishi, inasambazwa kama vile imeandikwa kwenye jiwe. Ilitoka kwa mshauri wa fedha Mmarekani William Bengen mwaka 1994, alichukua historia ya hisa na hatifungani (zile karatasi za kuikopesha serikali) za Marekani, akauliza mtu atakayeishi miaka 30 baada ya kustaafu anaweza kuanza kutoa kiasi gani mwaka wa kwanza halafu aongeze kufuata mfumuko wa bei bila kuishiwa, akapata kama asilimia nne. Ni kazi safi kwa swali lake. Ila ukiichukua ukampa mtu ambaye akiba yake iko kwenye sarafu nyingine, mfumuko wa bei mwingine, soko lingine, na anataka kustaafu akiwa na miaka 40, umempa jibu la swali la mtu mwingine.

Ile ya 72 angalau ni hesabu tupu. Gawa 72 kwa riba unapata miaka ambayo hela itachukua kuwa mara mbili, riba ya asilimia 6 ni miaka 12, asilimia 12 ni miaka 6. Watu wanaipenda upande huo. Upande wa pili hawaupendi, maana kanuni ileile inafanya kazi kwa bei za vitu, mfumuko ukiwa asilimia 9 bei zinakuwa mara mbili ndani ya miaka kama 8, kwa hiyo mtu anayejisifia amepata asilimia 8 "bila jasho" wakati bei zinakwenda kwa 9, amepata namba kubwa zaidi na kapu dogo zaidi. Kwenye grupu sijawahi kuona mtu anaposti faida yake baada ya kutoa mfumuko, wala makato.

Madeni ndo tunayaficha kuliko yote. Mtu atakuonyesha akiba yake, hatakuonyesha mkopo. Tunampongeza mtu kafikisha lengo, tunamtumia vidole gumba na mioto, kumbe akiba yake inaingiza asilimia 7 na huku anahudumia mkopo wa asilimia 30, yaani kila mwezi anaopongezwa anazidi kudidimia, na angechukua sehemu kubwa ya hiyo akiba akapunguza deni angekuwa amepata faida ambayo hakuna uwekezaji halali utampa kwa uhakika ule. Asimalize yote, abakishe ya dharura, maana bila hivyo tatizo dogo likitokea anarudi kukopa tena palepale.

Na kwenye mikopo kuna kitu kimoja ambacho rafiki mwenye kikokotoo anaweza kumsaidia mwenzake kweli. Mtu anaandika "nimepata mkopo riba asilimia 10 tu". Sawa, asilimia 10 ya nini? Chukua milioni 1 na laki 2, mwaka mmoja, riba ya flati, inayopigwa juu ya mkopo wote kana kwamba hujarudisha kitu. Riba ni laki 1 na elfu 20, jumla unarudisha milioni 1 na laki 3 na elfu 20, kila mwezi laki 1 na elfu 10. Inaonekana nzuri. Ila hukukaa na ile milioni 1 na laki 2 mwaka mzima, kila mwezi ulikuwa unarudisha kipande, mwezi wa sita umeshabaki na kama nusu tu, na bado unalipishwa riba ya yote. Ukiibadilisha iwe riba inayopigwa juu ya salio linalobaki inakaribia asilimia 18. Kwa hiyo anayeambiwa asilimia 10 ya flati na anayeambiwa asilimia 15 ya salio linalopungua, huyu wa 15 ndo kapata nafuu, na kwenye chati wote wanampongeza yule wa 10.

Ule ubishi wa deni lipi lianze, lenye riba kubwa au lile dogo ulimalize uone moja limeondoka, siuwezi tena. Kihesabu lenye riba kubwa ndo linaokoa hela zaidi. Ila mtu aliyechoka akimaliza kadogo anapata nguvu ya kuendelea, basi aanze na kadogo, mradi analipa.

Tumrudie yule wa "njoo inboksi". Wengi wakisikia habari za utapeli wanawaza mtu mbaya kaingia kwenye grupu, kumbe anayekuleta mara nyingi ni rafiki yako wa kweli, hana nia mbaya, naye kaweka zake, tena keshalipwa mara mbili tatu. Hicho ndo kinachoufanya uwe hatari. Charles Ponzi kule Boston mwaka 1920 aliahidi faida ya asilimia 50 ndani ya siku 45, na wa mwanzo aliwalipa kweli, wakawa matangazo yanayotembea, kumbe analipa wa jana kwa hela za wa leo. Bernard Madoff, aliyekuwa anasimamia hela za watu kule New York kwa mbinu hiyohiyo, alikamatwa Desemba 2008 na 2009 akahukumiwa miaka 150 jela, na yeye hakuahidi maajabu, alikuwa anaonyesha faida ya wastani tu isiyotikisika mwaka hadi mwaka, watu wakaletana wenyewe kwa wenyewe, kwenye klabu, kwenye mifuko ya hisani, kwa jamaa wa karibu, na kila mmoja aliona hakuna haja ya kukagua maana fulani ninayemwamini yumo. Fulani naye alikuwa anamwamini fulani mwingine.

Huhitaji kumuita mwenzako tapeli, na usimuite, utapoteza rafiki na hela atapeleka vilevile. Fanya naye hesabu. Kasema asilimia 30 kwa mwezi, uhakika, faida unaiacha humohumo inazaa. Haya, laki 1 baada ya mwaka ni kama milioni 2 na laki 3. Miaka miwili, milioni 54. Miaka mitatu ni zaidi ya bilioni 1 na milioni 200. Kutoka laki moja. Halafu muulize kwa upole, mtu mwenye mashine ya namna hiyo anahangaika kuomba laki zetu kwenye inboksi za nini, si angeweka laki yake mwenyewe akalala?

Sasa upande ambao grupu linaweza, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo tunaouacha. Felipe Kast, Stephan Meier na Dina Pomeranz walifanya jaribio Chile na wajasiriamali wadogo wa kipato cha chini. Wote walipewa akaunti ya akiba. Baadhi wakawekwa kwenye vikundi, kila mtu anatangaza lengo lake mbele ya wenzake na kila wiki wanaangalia nani ameweka nani hajaweka. Wengine wakapewa riba kubwa zaidi, kutoka asilimia 0.3 hadi asilimia 5. Riba ile kwa wengi haikubadilisha kitu. Wale wa vikundi, idadi ya mara walizoweka iliongezeka mara tatu na nusu na salio la wastani karibu likawa mara mbili. Baadaye wakajaribu bila hata kukutana, ujumbe mfupi tu kwenye simu wa kumfuatilia mtu na kumwambia wenzake wanaendeleaje, ukafanya kazi karibu sawasawa na vikao.

Soma hilo tena ukiwa unafikiria grupu lenu. Kitu tunachobishania usiku kucha, nani anatoa riba nzuri, kwa watu wale hakikuwasogeza. Kitu tunachoona ni umbea, kuulizana, ndicho kilichowasogeza, na kilipita kwenye simu bila shida.

Haiko peke yake hiyo. Dean Karlan na wenzake walituma ujumbe wa kuwakumbusha wateja wa benki huko Bolivia, Peru na Ufilipino, akiba ikapanda kwa kama asilimia 6, kwa kukumbushwa tu. Ufilipino hukohuko, Nava Ashraf, Karlan na Wesley Yin waliwapa watu nafasi ya kujifungia akaunti wenyewe wasiweze kutoa mpaka tarehe au kiasi walichochagua, na baada ya mwaka akiba ya waliopewa nafasi hiyo ikawa juu kwa asilimia 81 ukilinganisha na wasiopewa. Na Richard Thaler na Shlomo Benartzi walikuwa na mpango kwenye kampuni moja Marekani, mfanyakazi anakubali leo kwamba mshahara ukipanda mbeleni kipande cha nyongeza kiende akiba moja kwa moja, hatoi chochote sasa hivi, na ndani ya miezi 40 waliojiunga walitoka kuweka asilimia 3.5 ya mshahara hadi 13.6. Hakuna hata mmoja kati ya hawa aliyefundishwa siri ya soko. Walikumbushwa, au walijifungia, au waliahidi mapema.

Wengine watasema basi tuwekeane masomo ya fedha kwenye grupu. Wekeni, ila msitegemee sana peke yake. Mwaka 2014 Daniel Fernandes, John Lynch na Richard Netemeyer walikusanya tafiti 201 wakakuta mafunzo ya fedha yanaeleza asilimia 0.1 tu ya tofauti za tabia za watu kuhusu hela, na yanafifia muda ukipita. Uchambuzi uliofuata baadaye ulikuta matokeo mazuri kuliko hayo, kwa hiyo sisemi elimu haina maana, nasema ile PDF ya kurasa mia iliyofowadiwa Jumapili haishindani na mtu mmoja anayekuandikia tarehe ya mshahara "vipi, ishaingia?"

Kwa hiyo mi ningeligawa grupu. Lile kubwa libaki la utani. Watu wanne watano mnaoaminiana mfungue lenu dogo, kila mtu aseme anawekea nini, anaweka asilimia ngapi ya kipato, tarehe ngapi. Asilimia, sio kiasi, maana vipato vyenu havilingani na mwenye kidogo akiona namba za wenzake ama atanyamaza ama atadanganya ama, mbaya zaidi, atakopa ili aripoti. Tarehe ikifika anasema nimeweka au sijaweka. Aliyetoa hela kwa dharura aseme katoa na asisimangwe, dharura ndo kazi yake ile hela. Hakuna kutuma skrinshoti ya salio wala namba ya akaunti, simu zinaibiwa, na hata zisipoibiwa marafiki wakishajua una kiasi gani maombi ya mkopo yanaanza kuja na hapo akiba na urafiki vyote vinaingia majaribuni. Na hela isikae kwa mtu mmoja eti ndo mweka hazina, kila mtu akae na yake, mnachochangia ni kuulizana tu.

Inaweza ikakinai, najua. Grupu la namna hii halina raha ya lile la mabishano, wiki nyingine ni "nimeweka", "nimeweka", "bado, Ijumaa", basi.

Na suala la wapi halitakufa, mtu akishakuwa na kiasi lazima aulize. Hapo nenda kwa mwenye leseni, na uhakikishe hiyo leseni kwa mamlaka iliyoitoa, sio kwa picha aliyokutumia yeye. Umuulize analipwa na nani akikuuzia, maana wapo wanaolipwa kamisheni na hawasemi. Marafiki bado wana kazi moja hapo ambayo hamna mtaalamu atawazidi: wao ni wateja, wamepita mlango huo. Usiwaulize panalipa au hapalipi. Waulize siku walipotaka kutoa hela yao iliingia baada ya siku ngapi, ilikatwa kiasi gani ambacho hawakuambiwa mwanzoni, na walipopiga simu ya huduma kwa wateja nani alipokea. Kama hakuna hata mmoja aliyewahi kutoa, wote wanaangalia tu salio likipanda kwenye apu, subiri mpaka atokee aliyetoa.